Mwalimu Mpole wa Kundi Dogo

Mwalimu aliyeninyima hesabu alikuwa mtu mpole. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi, nikiwaambia kwamba nilimchukia mwalimu wangu kwa miaka mingi, hudhani alinipiga au alinitukana. Hakufanya hata moja. Aliongea taratibu, alivaa sweta za sufu zilizotoboka viwiko, na dirishani mwake alikuwa na maua ya chungu aliyoyamwagilia kila asubuhi kabla hatujaingia. Alitupa peremende. Angekuwa mkali, ningemjua mapema kuwa ni adui yangu.

Tulifika Stockholm mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama na mimi, tukitokea kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na kabla ya hapo Uvira, Kongo. Tukapewa nyumba katika kitongoji cha Bredäng, katika moja ya yale majengo marefu yanayofanana, ambayo mgeni hulazimika kuhesabu milango ili ajue kwake ni wapi. Mama akapata kazi ya kusafisha maofisi mjini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kambini nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa chini ya turubai, lakini mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametufikisha kwenye milinganyo. Alikuwa na ubao uliopasuka na fimbo, na kila siku aliuliza swali gumu kuliko la jana, akikasirika kweli kweli tusipolijibu. Nilipenda kutafuta x. Nikitumwa maji nilikwenda nikitafuta x kichwani, na mara nyingine nilirudi nimesahau ndoo.

Baada ya darasa la maandalizi la watoto wageni, niliingizwa darasa la saba. Lakini kila kipindi cha hesabu kilipofika, sisi wachache tuliitwa kutoka darasani na kupelekwa chumba cha mwisho wa korido. Huko ndiko alikokuwa yeye na maua yake. Sisi tuliitwa kundi dogo. Kulikuwa na Msomali, Mkurdi, Mrundi, ndugu wawili kutoka Iraki, na mimi. Hakuna aliyetupima. Mwalimu aliangalia tulikotoka, akaona inatosha.

Alitupa karatasi zenye picha za pizza zilizokatwa vipande. Tupake rangi nusu, tupake rangi robo. Nilimaliza kabla hajarudi kwenye kiti chake. Akaja, akainama juu ya dawati langu, akasema, “Duktig,” neno la Kiswidi la kumsifu mtoto, yaani hodari, kisha akaniwekea peremende mkononi. Wiki iliyofuata, pizza tena. Na iliyofuata.

Siku moja niliinuka, nikaenda ubaoni na kuandika mlinganyo kama ule wa kambini, wenye x pande zote mbili, nikautatua mpaka mwisho. Kiswidi changu kilikuwa bado kidogo, nikaona namba zitanisemea.

Mwalimu aliutazama kwa muda. “Nani alikufundisha hii?”

“Mwalimu wangu. Afrika.”

“Umeikariri vizuri sana,” alisema. “Lakini kukariri si kuelewa. Usijichoshe. Hapa hatuna haraka.”

Akachukua kitambaa, akafuta ubao taratibu, akianzia kwenye jibu. Nilirudi kukaa. Wenzangu walikuwa wameinamisha macho, kama watu wanavyofanya mwenzao akichapwa.

Mwisho wa muhula kila mzazi huitwa shuleni kuzungumza na mwalimu kuhusu mtoto wake. Mama aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge chake cha kanisani, na njiani akaniuliza mara mbili tatu kama viatu vyake ni safi. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, mwanamume mwenye Kiswahili cha Mombasa, mtamu wa maneno. Mama alikaa pembeni ya kiti, mkoba mapajani. Mimi nilikaa kati yao, na kufikia wakati huo Kiswidi nilikuwa nakielewa kuliko nilivyokizungumza.

“Lazima tukubali hali ilivyo,” mwalimu alisema, akiitazama simu badala ya kumtazama mama. “Kwa mtoto mwenye historia kama yake, hatuwezi kutegemea afike mbali katika hesabu. Tusimbebeshe mzigo asiouweza. Lakini ni mtoto mpole. Kazi ya kutunza wazee itamfaa.”

Simu ikakohoa. Kisha mkalimani akasema, “Mama, mwalimu anasema binti yako ana roho nzuri na adabu. Hataki umbebeshe mawazo mengi. Anasema mbele ya safari atapata kazi nzuri ya kuhudumia watu.”

Mpaka leo sijui kwa nini alifanya hivyo. Labda alimwonea huruma mwanamke asiyemwona. Labda alitaka tu zoezi liishe apokee simu nyingine. Mama aliinuka, akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili.

“Umuambie Mungu amubariki,” akaiambia simu. “Umuambie mutoto wangu amepata baba hapa.”

Hilo mkalimani alilitafsiri neno kwa neno. Mwalimu alitabasamu, na macho yakamlengalenga machozi.

Kesho yake mama alikaanga maandazi, akayafunga kwenye taulo safi, nami nikayabeba mwenyewe hadi chumba cha mwisho wa korido. Ikawa hivyo kila muhula ulipoisha, mpaka nikamaliza darasa la tisa. Jumapili moja alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akasimulia jinsi Mungu alivyotupa mwalimu wa kizungu anayempenda mwanawe kama wa damu yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, nikapiga makofi pia, kwa kuwa ningesimamaje mimi na kumvua mama yangu furaha mbele ya kanisa zima? Pale ndipo chuki iliponiingia na kukaa. Kunidharau mimi ningeweza kumsamehe. Lakini alimfanya mama yangu amshukuru kwa dharau hiyo.

Mtihani wa taifa wa darasa la tisa ulikuwa na maswali mengi ya mambo ambayo hatukuwahi kuyaona katika chumba kile. Nilipata alama ya kupita, basi. Alama hiyo haikunifikisha mkondo wa sayansi. Nikaenda mkondo wa utunzaji, na nilipomaliza nikaajiriwa katika nyumba ya wazee huko Fisksätra. Kwa hiyo mwalimu alipatia. Watu wa aina yake hupatia siku zote: husema mche huu hautakua, kisha huunyima maji, kisha hukuita uje uone ulivyokauka.

Kazi ile haikuwa ya aibu. Wazee walinipenda, nami niliwapenda baadhi yao. Bibi mmoja alinifundisha kucheza karata na kuiba katika karata. Lakini kila nilipoivaa fulana ya kazi nilisikia sauti ile ya taratibu ikisema itamfaa, itamfaa, na nilitamani kuipasua. Asiyejua atasema ningeridhika, mshahara ulikuwepo. Mtu huweza kuridhika na nyumba aliyoichagua. Mimi niliingizwa na mlango ukafungwa kwa nje.

Nikajiandikisha shule ya watu wazima, jioni baada ya zamu, nianze hesabu upya. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kifini aliyekaribia kustaafu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Hakunisifu hata siku moja. Nikimpelekea kazi nusu, aliirudisha bila kuisoma yote.

“Hii hujaimaliza.”

“Sijui kuendelea.”

“Hujui bado. Kaa pale. Sina pa kwenda.”

Na kweli alikaa, akila mkate wake mkavu wa shayiri, mpaka nijue. Wakati mwingine nilimlilia kwamba nimechoka, nimewageuza wazee kitandani tangu asubuhi. Alisema, “Naelewa. Sasa upande wa kushoto una nini?” Mwaka wa pili nikiwa pale nilielewa kitu kilichonipandisha hasira upya. Yule aliyenimwagia sifa na peremende hakuniamini hata kidogo. Huyu asiyejua kusema hongera aliniamini kiasi cha kukosa treni yake. Kama imani ya mwalimu ina nguvu hivyo, basi yule wa kwanza alikuwa na nguvu hiyo hiyo mikononi mwake miaka yote, na alichagua kuitumia vile.

Nilichagua kuwa mwalimu wa hesabu. Wenzangu chuoni walipoulizwa sababu, walisema wanapenda watoto. Nami nilisema napenda watoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiliona dawati langu la zamani, na mtu fulani amesimama mbele yake, hana la kusema.

Nilipohitimu niliomba kazi sehemu moja tu. Mwalimu mkuu alikuwa mpya, mwanamke wa makamo aliyetumwa kuiinua shule iliyokuwa ikizidi kushuka mwaka baada ya mwaka. Aliniuliza kwa nini nataka shule ambayo wengine wanaihama.

“Nilisoma hapa,” nikamwambia. Sikuongeza neno.

Siku ya kwanza nilimkuta yeye chumba cha walimu. Sweta zilikuwa zile zile au ndugu zake. Nywele tu ndizo zilikuwa zimeondoka. Alinipa mkono, akanionyesha mashine ya kahawa inavyobembelezwa, akaniuliza natoka wapi, yaani hasa hasa. Nikamwambia Kongo.

“Tuna watoto wengi wa kwenu,” akasema. “Wapole. Wanaimba vizuri.”

Hakunikumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna ya kukutana naye isipokuwa hiyo. Nilikunywa kahawa yangu nikimtazama, na nikaona ni bora hivyo. Anayekusahau hawezi kujihadhari nawe.

Mwalimu mkuu alianzisha kikao cha kila wiki cha walimu wa hesabu. Kila mmoja alileta kazi za wanafunzi, nzuri na mbovu, na swali lilikuwa moja: ulifanya nini mpaka ikawa hivi? Alikuwa na sharti lililowakera wengi. Hakuna aliyeruhusiwa kuanza sentensi kwa “watoto hawa.” Watoto hawa hawana msaada nyumbani, watoto hawa hawana lugha, watoto hawa wamezoea. Akisikia tu “watoto hawa” alinyanyua kidole, na msemaji alilazimika kuanza upya. Mwalimu wangu wa zamani alinyanyuliwa kidole mara nyingi kuliko wote. Alikuwa anacheka, anaomba radhi, kisha anasema jambo lile lile kwa mlango mwingine. Vikao hivyo nilivipenda kama mtu anavyopenda mechi ya timu yake.

Katika kimoja niliomba nipewe kundi dogo la darasa la nane, niwafundishe hesabu kamili ya darasa lao, niwapeleke mpaka mtihani wa taifa.

“Utawaonea,” alisema kwa ule upole wake. “Wewe bado mgeni katika kazi hii. Watoto wanahitaji kujisikia salama. Utawavunja moyo, na mimi nitabaki nikiokota vipande.”

“Nitaviokota mwenyewe,” nikasema.

Mwalimu mkuu akakubali. Niliingia katika chumba changu nikiwa na watoto wake, na sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Walizoea peremende. Nilipoandika mlinganyo wa kwanza waliweka kalamu chini kama wafanyakazi waliogoma. Msichana mmoja wa Kirundi, mrefu, mwenye sauti ya kukata, alinieleza kwa Kiswidi kama anayemweleza daktari ugonjwa wake wa kuzaliwa: “Sisi hatufanyi hizo. Mimi ni wa kundi dogo.”

“Nani alikuambia?”

Akashangaa. “Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nilivyo.”

Nilimtazama yule mtoto na nikamwona mwalimu amesimama nyuma yake na kitambaa chake cha kufutia. Tukaanza upya, tukarudi kwenye namba hasi, tukarudi kwenye kugawanya. Nilirudisha kazi nusu bila kuzisoma zote. Nilikaa nao baada ya vipindi. Wakilia niliwasubiri wamalize, kisha niliuliza upande wa kushoto una nini.

Kabla ya Krismasi mama yake yule msichana alikuja shuleni. Alikuwa msafishaji wa treni, na alikuja na koti la kazi. Akaanza kwa Kiswidi cha kubahatisha, nikamkaribisha kwa Kiswahili, akakaa chini kama aliyetua mzigo.

“Dada mwalimu,” akasema, “mtoto analia nyumbani. Zamani hakuwa analia. Kwa mwalimu yule mzee alikuwa anafurahi.”

Nilimweleza bila mkalimani. Nilimwambia mtoto alikuwa anafurahi kwa sababu alikuwa akipewa kazi za mtoto mdogo, na kwamba hivyo angebaki mpaka mwisho, na milango ingefungwa mmoja mmoja huku akipewa peremende. Nilimwambia sijui kama nitafaulu, ila mtoto ana kichwa, na nitamkaba mpaka kifanye kazi.

“Mimi niliambiwa hawezi,” akasema. “Nikaambiwa vizuri sana, hata sikuumia.”

“Najua.”

“Basi umfundishe. Akilia nitamfuta machozi mimi.”

Masika ile watoto walianza kubishana wao kwa wao juu ya majibu, na mwalimu yeyote atakuambia kelele za aina hiyo hazinunuliwi. Yule msichana ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Na alikuwa na macho. Siku moja wenzake walipotoka, alibaki akifunga mkoba wake polepole.

“Kila tukipatia jibu,” akasema, “unautazama ukuta wa korido. Upande wa chumba chake.”

Sikujua kama nakasirika au nacheka. “Unaona ni vibaya?”

“Sioni ubaya. Nataka tu kujua unamkomoa kwa lipi.”

Nilimwambia. Pengine mwalimu hapaswi, lakini nilimwambia yote, na simu na mkalimani na mama yangu aliyeshika ule mkono. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea nami kwa Kiswahili, cha kwao nyumbani.

“Basi hata mimi niko na yangu na yeye.”

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili.

Walifanya mtihani wa taifa mwaka uliofuata. Wawili walianguka, na hao nawakumbuka kuliko wengine. Waliobaki walipita, baadhi yao vizuri, na msichana wa Kirundi alipata alama ya juu kabisa, ambayo hakuna mtoto wa kundi dogo aliyewahi kuigusa. Kwenye kikao mwalimu mkuu aliniomba nieleze tulifanya nini. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wangu wa zamani akasema, kwa furaha ya kweli usoni, “Hongera. Hili lilikuwa kundi la pekee. Nilihisi tangu mwanzo kwamba watoto hawa walikuwa na nguvu kuliko wa kawaida.”

Mwalimu mkuu alinyanyua kidole, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza.

“Nilikaa katika chumba chako,” nikasema. “Dawati la karibu na dirisha, miaka mitatu. Nilikuandikia mlinganyo ubaoni ukaufuta. Ulimwambia mama yangu kwamba nisibebeshwe mzigo, kwamba kutunza wazee kutanifaa. Nimewatunza wazee. Kisha ilibidi nirudi kuanza upya nikiwa mtu mzima, usiku na mchana, mambo ambayo ulikuwa unalipwa kunifundisha.”

Mwalimu wangu wa zamani aliweka kikombe chake mezani. Alinitazama, na niliona akinitafuta katika kumbukumbu yake, uso baada ya uso, bila kunipata.

“Sikumbuki,” alisema mwishowe. “Lakini kama nilisema hivyo, nilitaka kukulinda.”

“Kunilinda na nini?”

“Na kushindwa.”

“Nilishindwa,” nikamwambia. “Nilishindwa maswali ya mtihani wa taifa, ya kurasa ambazo hukuwahi kutufungulia. Ulinipa pizza.”

Alienda kwenye sinki akaosha kikombe chake, akakiosha tena. Mwenzetu mmoja alinitazama kwa jicho la kusema inatosha. Haikutosha.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu alilifuta kundi dogo. Chumba cha mwisho wa korido kikawa chumba cha mikutano, na mimi mwenyewe nilisaidia kutoa maua nje, chungu kimoja kimoja, mengine mazito ajabu. Ikaamuliwa pia kwamba kila mwalimu wa hesabu akae katika darasa la mwenzake aone kazi inavyofanyika. Yeye alipangiwa kwangu. Wapo wanaodai niliomba. Niliomba.

Alikuwa anakaa nyuma, magoti yakigonga dawati. Niliongea naye taratibu, kwa subira kubwa. Akimsaidia mtoto swali dogo nilimpitia, nikainama, nikasema, “Duktig.” Mara ya kwanza alishukuru. Mara ya tatu aliinua uso akanitazama, shingo imemwiva wekundu, nikajua sasa amenikumbuka. Nikaendelea kumsifu muhula mzima.

Wakati huo huo nilimwambia mama. Tulikuwa tunachambua mboga jikoni kwake Bredäng, redio ya injili inaimba, nikamtafsiria upya mazungumzo yale, kila neno mahali pake. Aliizima redio. Aliendelea kuchambua mpaka bakuli likajaa.

“Kwa hiyo nilimushukuru kwa kunitukania mutoto,” akasema.

“Hukujua, mama.”

“Kisasi ni cha Bwana,” akasema, nikafikiri yameishia hapo. Kisha akafuta mikono. “Lakini shukrani ilikuwa yangu mimi.”

Siku ya wazazi alikuja, kitenge cha kanisani, viatu vinang'aa. Kiswidi chake wakati huo kilikuwa cha kutosha, amejifunza ofisini kwa watu anaowasafishia. Alimkuta mwalimu koridoni, akasimama mbele yake, na hakumpa mkono.

“Zamani nilikushukuru,” mama alimwambia. “Mkalimani hakuniambia ulichosema. Sasa nimeambiwa. Ile shukrani ninaichukua.”

Mwalimu alifungua kinywa. Mama alingoja kwa heshima kusikia kama kuna neno. Kisha akafunga koti lake vifungo vyote, akanigeukia na kuniuliza darasa langu liko wapi, anataka kuliona.

Mwalimu alistaafu mwaka ule ule, mapema kidogo kuliko alivyopanga. Msichana wa Kirundi alikuwa ameshaingia mkondo wa sayansi katika sekondari ya juu mjini kati, na nasikia huko anawasumbua walimu kwa maswali, jambo linalonipendeza. Shule ilipanda, si kwa kuruka, kwa hatua. Sidanganyiki kwamba fikra ile iliondoka na mtu mmoja. Bado husikika chumba cha walimu, katika vinywa vya vijana wenye nia njema, na nikiisikia sivumilii. Wapo wanaosema mimi ni mgumu. Wanasema kweli.

Siku ya kumuaga kulikuwa na keki ya kijani iliyofunikwa kwa marzipani, yaani lozi na sukari, hotuba fupi na kikapu cha zawadi. Nilikula vipande viwili. Alikuja nilipokuwa nimesimama karibu na dirisha, akashika sahani yake ya karatasi kwa mikono yote miwili.

“Nimefikiria sana,” alisema. “Nilikuwa na watoto wengi katika chumba kile. Sasa nawafikiria wote. Sipati usingizi mzuri.”

“Ni vizuri kuwafikiria,” nikasema.

“Umenisamehe?”

“Hapana.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu sahihi la swali asilolipenda. Tukasimama pale tukitazama watoto wakicheza mpira kwenye uwanja wenye matope ya Mei. Kengele ikalia. Niliweka sahani yangu juu ya meza, nikachukua kalamu zangu za ubao na kuelekea darasa la saba, ambako mtoto mpya kutoka Bujumbura alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba hesabu za hapa ni za kitoto, na nilikuwa nimemwandalia jibu.